Mchunga Ng'ombe Aliyeliliwa Bertrams

Juzi nilipita kwenye meza ya mtu anayeuza vitabu vikuukuu, na nikakiona. Kimewekwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa utepe, na mwenye meza akaniomba nisikiguse, eti mafuta ya vidole huharibu karatasi ya zamani. Nilitaka kucheka. Cha kwetu kilikuwa na mafuta ya nywele tangu jaladani mpaka ukurasa wa mwisho, chai ilikuwa imemwagika katikati ya mapigano, na mdogo wangu alikuwa amemng'oa farasi mmoja kichwa kwa meno yake mwenyewe. Niliinama nikanusa pale plastiki ilipoachia upenyo. Harufu ya karatasi iliyolala miaka kabatini ilikuwa ile ile. Ilichokosa ni dawa ya nywele. Yule bwana alinitazama akidhani nataka kumwibia, nikaenda zangu.

Kilikuwa kitabu cha katuni cha wachunga ng'ombe wa Marekani, wale wa kofia pana na bastola kiunoni, kilichofupishwa kutoka riwaya ndefu. Jina lake silitaji. Ukilijua utakwenda kukitafuta, utakisoma jinsi kilivyoandikwa, na utaniharibia hadithi yangu.

Ninyi mliokua nami mnaijua nyumba ya aina ile: nyumba ya zamani ya mtaa wa Bertrams, Johannesburg, sakafu ya mbao, kila chumba familia, jiko moja na ugomvi wa jiko kila jioni. Siku za mechi tulisikia uwanja wa mpira ulio jirani ukinguruma tukajua nani kafunga kabla redio haijasema. Sisi tulikuwa na chumba cha mbele pamoja na baraza, na baraza ndiyo ilikuwa saluni ya mama. Aliwasuka Wakongomani wenzake, Wazulu, Wazimbabwe, yeyote mwenye kichwa. Baba alikuwa sekyuriti katika nyumba za ghorofa kule mtaa wa Observatory, kibanda cha getini, na alipanda kilima kile kwa miguu kila asubuhi akiwa amebeba bakuli lake la maharage.

Kule ndiko kitabu kilikotoka. Mzee mmoja mpangaji alikuwa anahama, akamwachia baba sanduku la vitabu. Baba alisoma Kifaransa na Kiswahili. Kiingereza chake kilikuwa cha getini: habari za jioni, saini hapa, mgeni wa nani. Vitabu vile vingine aliwagawia wenzake, lakini hiki alikileta nyumbani ndani ya mfuko wa chakula, kwa sababu jaladani palikuwa na ng'ombe. Ng'ombe wengi, wakishuka mlima wa kijani, na nyuma yao vijana wawili juu ya farasi, mmoja amefunga kitambaa chekundu shingoni.

Baba alikulia Masisi, kule Kongo, juu milimani, ambako watu huchunga ng'ombe na kukamua na kutengeneza jibini. Yeye na mdogo wake, Faustin, walichunga ng'ombe wa tajiri mmoja tangu utotoni. Vita vilipokuja walikimbia pamoja, kisha wakaachana njiani. Baba akafika Johannesburg. Faustin hakufika, na hakuna aliyejua aliko.

Jumapili, tukishatoka kanisani na kula, baba alikaa kitandani, sisi watoto watatu tukajipanga chini, naye akatusomea. Nasema akatusomea, ingawa hakujua neno hata moja la pale. Alisoma picha. Aliweka kidole juu ya kijana wa kwanza akasema, "Ule hapa ni miye." Akakisogeza kidole kwa yule wa kitambaa. "Na ule ni baba yenu mudogo."

Nilimuuliza kwa Kiingereza mbona ni weupe. Nyumbani ndivyo tulivyoishi: wazazi walisema Kiswahili, sisi tukajibu kwa Kiingereza, au kwa Kizulu tulipotaka wasielewe.

"Wino ya zamani haikukuwaka na rangi yetu," baba alisema, bila kupepesa macho.

Nilipoanza kusoma vizuri niliyaona majina kwenye maneno yaliyotoka vinywani mwao. Hapakuwa na Deo, jina la baba, wala Faustin. Nilidhani nimemkamata. Nilimwambia haya majina si yenu.

"Pale kwenye kazi bananiita nani?"

"John."

"Jina yangu ni John?"

"Hapana."

"Sasa unashangaa nini? Wazungu bakishindwa jina yako, banakupa ingine."

Mimi mwenyewe shuleni mwalimu alikuwa amenikata jina nusu. Kwa hiyo niliamini, kwa namna mtoto anavyoamini, yaani siku nyingine sana, siku nyingine kidogo, lakini hakuna siku niliyokataa kabisa. Ningekataaje? Baba alijua mambo ambayo mtu hawezi kuyatunga. Alijua ng'ombe yupi kati ya wale anapenda kupotea, na kwamba yule mwenye pembe moja aliitwa Mama Mukwe kwa sababu alikuwa na kisirani. Alijua baridi ya alfajiri milimani. Farasi tu ndio aliowapitia haraka, akisema wachoraji waliongeza.

Mahali nilipopapenda, na kupaogopa, ni mtoni. Watu wabaya wanawafukuza. Kaka anavuka na ng'ombe, mdogo anabaki ng'ambo kuwazuia wale wabaya, ameumia mguu. Wanaagana kwa mikono. Ukurasa wa mwisho kabisa unamwonyesha mdogo peke yake juu ya kilima, kofia ameinyanyua, kitambaa chekundu kinapepea, na jua linazama. Kimekwisha.

"Aliniambia, kaka vuka, nitakufuata," baba alisema kila mara. Kisha akakifunga kitabu taratibu, akakiweka juu ya kabati.

"Halafu alienda wapi?" mdogo wangu aliuliza kila mara.

"Iko njiani."

Na si maneno tu. Nyuma ya mlango wetu palikuwa na godoro lililosimamishwa ukutani, limefungwa shuka. Godoro la baba mudogo. Siku atakapofika alale mahali pazuri, baba alisema, asilale chini kama yeye alivyolala alipofika mji huu. Sisi watatu tulilala juu ya godoro moja, miguu ya mmoja puani mwa mwingine, huku lingine zima limesimama pale linatutazama. Ukilalamika, mama alikukata jicho kabla baba hajasikia. Kila tuliposikia kuna watu wameshuka kutoka Goma, baba alikwenda kuwauliza na picha ya Faustin kwenye simu, wakati mwingine akitoka moja kwa moja kazini bila kula. Akirudi hakuna aliyemuuliza. Tulimwona tu anavyovua viatu.

Alikuwa anakonda. Mtoto haoni mzazi akikonda, lakini nilimsikia mama akisema barazani kwamba amempunguzia suruali za kazi tena. Alisema pia kwamba baba halali usiku, kwamba kumsubiri Faustin kunammaliza mumewe, na kwamba anaogopa ataletewa habari ya kifo na isiwe ya Faustin. Aliyekuwa anasukwa alikuwa Mama Aline, jirani wa chumba cha nyuma, naye akasema lazima wazee waje.

Wazee wakaja. Waliongozwa na Mzee Kasongo, mzee wa kanisa letu, fundi cherehani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Sisi watoto tulifukuzwa, nasi tukasikiliza dirishani, ndivyo watoto wote wa Bertrams walivyopata elimu yao.

"Ndugu Deo, mutu anangojewa mupaka lini?" Mzee Kasongo alisema. "Bibi yake kule hajui kama ni mujane ao ni bibi ya mutu. Na weye unaisha. Tulie kilio, tuombe, tumalize."

"Nani alileta habari?" baba akauliza.

"Habari haiko."

"Basi. Mutu hawezi kufa bila habari. Siku habari itafika hapa, nitakaa chini na nitalia. Si mbele ya ile siku."

Baba alikuwa amesema kweli. Kwetu kifo hakianzi mtu anapokata roho. Kinaanza habari inapofika. Na habari ya kifo haitupwi ovyo: analetewa mwenyewe na mtu mzima, akiwa amekaa na ameshakula. Wakati mwingine unaitwa nyumbani kwa kuambiwa fulani anaumwa, ukifika unakuta viti nje, unajua. Bila mleta habari hakuna wa kuanza kulia, na anayeanza bila habari anaitwa mchawi, maana amemlilia mtu hai. Baba alikuwa amejikinga ndani ya desturi hiyo kama mtu aliyejibanza chini ya paa la wenyewe mvua isimpate, na hakuna aliyeweza kumtoa.

Mimi nilichokisikia pale dirishani kilikuwa rahisi. Kumbe kinachokosekana ni habari. Kumbe baba anataka habari tu.

Chini ya ile picha ya mwisho, kwa herufi ndogo, kulikuwa na tangazo ambalo baba hakuwahi kulisoma, maana halikuwa na picha. Liliandikwa kwamba msomaji aliyefurahia hadithi hii fupi akatafute riwaya yenyewe, ambamo atakuta mengi yaliyoachwa humu. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kulijali. Sasa lilinikaa kichwani siku nzima. Mengi yaliyoachwa. Ina maana kuna kitabu kikubwa, na ndani yake yule wa kitambaa anashuka kilima upande wa pili.

Mwanamke wa maktaba ya mjini alikuwa mkubwa wa mwili na wa huruma. Nilimwambia jina la kitabu, akanitazama juu mpaka chini.

"Hau, mwanangu, hiki ni cha watu wazima. Hakina picha hata moja."

"Najua. Namtafuta mtu ndani yake."

"Eish," akasema, na akaingia nyuma kukitafuta.

Kilikuwa kinene, karatasi za njano, jalada limevikwa plastiki. Sikukisoma, ningekisomaje? Nilikiwinda. Nilipeleka kidole mstari kwa mstari nikitafuta lile jina la Kizungu walilompa baba mudogo, na lilipotokea nikasimama nikasoma pale, kwa shida, nikiruka maneno nisiyoyajua. Nilikuta vitu vingi ambavyo katuni iliviacha. Kulikuwa na dada yao. Kulikuwa na kiangazi kizima ambacho baba hakuwahi kukitaja. Nikafika mtoni, wakaagana, akapanda kilima, na kweli kitabu kikaendelea. Nikashindwa kukaa, nikasoma nimesimama kati ya makabati.

Hakufika mbali. Kidonda kilimletea homa, akaingia kwenye kibanda kilichoachwa na wachungaji, akalala. Aliita maji. Kitabu kilisema wazi kwamba hapakuwa na mtu wa kumsikia. Wapita njia walimkuta baada ya siku nyingi, wakamlundikia mawe juu, wakaenda zao.

Nimewafikiria sana wale wachoraji tangu hapo. Walijua. Walikuwa wameisoma riwaya yote, wakafika pale kilimani, wakaamua mtoto asione zaidi, wakamchorea jua. Sikuwachukia. Siku ile, lakini, nililia machozi pale maktabani mpaka yule mama akaniletea karatasi ya chooni, akaniandikia kitabu kwenye kadi yangu, na akaniambia nirudi nyumbani kwa mama.

Kutoka mjini mpaka Bertrams ni mwendo. Nilipita robot zote, taa za barabarani, bila kuangalia, nimekikumbatia kitabu kifuani, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilijua habari hii haisemwi kwa Kiingereza. Sikujua ni nani alinifundisha hilo. Labda dirisha.

Mama alikuwa barazani, kichwa cha Mama Aline mapajani mwake, upande mmoja umesukwa, upande mmoja umesimama wima. Nilisimama mbele yao kwa heshima, miguu pamoja.

"Mama. Baba mudogo Faustin amekufa."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumsemesha kwa Kiswahili bila kulazimishwa. Kitana kilisimama.

"Nani amekuambia?"

"Imeandikwa."

Mama alinitazama usoni. Kisha akanitazama mikononi, kwa muda. Kisha akakiweka kitana chini, akainuka, akaweka mikono yote miwili kichwani, na akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tena. Mama Aline alishadhani kwamba ujumbe umeingia kwenye simu, ndiyo namna habari zilivyokuwa zinafika siku zile. Alitoka mbio na nywele zake nusu, akipiga kelele uani, vyumba vikafunguka.

Mwaka juzi, akinisuka kabla sijaenda chuo, mama aliniambia kwamba kitabu alikiona. "Nilikiona muzuri. Nikajua ni ya maktaba, iko na ile plastiki yao."

"Sasa mbona ulilia?"

"Kilio ilikuwa imenijaa mupaka hapa," akasema, akinigusa kooni kwa kitana. "Miaka yote nilikuwa nangoja mutu aseme ile neno. Hata mwenda wazimu. Ukasema weye." Akanivuta nywele nikae sawa, akaendelea na kazi.

Lakini siku ile sikujua hilo. Niliona tu kwamba nimefanya jambo kubwa na linakwenda vizuri. Viatu vilijaa mlangoni. Wanaume walileta viti vya plastiki kutoka vyumba vyote na kutoka spaza, duka dogo la kona, wakavipanga uani, wakakaa wameinamisha vichwa. Wanawake waliingia ndani, wakakisukuma kitanda ukutani, na mama mwenyewe akalifungua lile shuka, akalivuta godoro la baba mudogo kutoka nyuma ya mlango, akalilaza sakafuni, na akina mama wakakaa juu yake na kuimba. Sufuria ya chai ikabandikwa. Mama Aline alifunga kitambaa kuficha ule upande usiosukwa. Mdogo wangu alinong'ona kwa Kiingereza kama leo tutalilalia lile godoro, nikampiga kofi dogo. Mzee Kasongo alifika na Biblia na futi yake bado shingoni.

Baba alirudi jua likiwa bado halijazama. Nilimwona tangu mbali, akishuka barabara na sare yake, bakuli mkononi. Aliona viti. Hatua zake zikawa fupi, lakini hakusimama, alikuja mpaka getini.

"Muko munalia nani?"

"Kaa kwanza, ndugu Deo," Mzee Kasongo akasema.

"Siwezi kukaa. Muko munalia nani?"

"Ni Faustin."

Baba aliweka bakuli juu ya ukuta. Aliliweka taratibu mno, akalirekebisha lisianguke.

"Nani alileta habari?"

Mzee Kasongo alimgeukia Mama Aline, Mama Aline akamgeukia mama, na mama, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akishikilia mwimo, akanigeukia mimi. Nilipita katikati ya viti nikiwa na kitabu changu. Nilijivuna, sifichi.

"Ni mimi, baba. Nilitafuta kitabu kile kikubwa, ile hadithi yote. Imeandikwa humu."

Mzee Kasongo alinyoosha mkono, akakichukua, akakigeuza, akainua miwani, akaona plastiki na muhuri wa maktaba. "Yesu wangu," akasema. "Tumelia mutu wa kwenye kitabu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akakikatisha kicheko kwa kikohozi. Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba hii ni laana, tumemlilia mtu hai, tutamwitia kifo. Watu wakaanza kuinuka, wakitafuta viatu vyao bila kutazamana. "Na nywele yangu," Mama Aline akasema, akiwa karibu kulia upya. Mzee Kasongo alimshika baba mkono na kuomba msamaha kwa niaba ya kanisa lote, na kuahidi kwamba wataomba toba. Ndipo nilipoelewa. Nilitamani ardhi ifunguke.

Baba hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anakitazama kile kitabu.

"Fungua pale," akaniambia. "Soma."

"Deo, acha mutoto," mama akasema.

"Asome."

Watu waliokuwa wamesimama wakabaki wamesimama, kiatu mkononi. Nilikichukua kitabu kwa Mzee Kasongo, nikafungua ukurasa. Sikuwa nimewahi kufasiri kitu. Nilisoma mstari kwa macho kwa Kiingereza, kisha nikausema kwa Kiswahili chetu, kibovu, nikitafuta kila neno. Kwamba alipanda kilima. Kwamba kaka yake alipogeuka mara ya mwisho alimwona kwa mbali. Kwamba alikuwa na homa. Nilipofika kwenye homa, baba alishika mgongo wa kiti.

"Aliingia kwenye nyumba ndogo," nikasema. "Ya wachungaji. Akalala chini."

"Kulikuwa mutu?"

Nilitazama ukurasa.

"Wakati nilimuacha alikuwa na homa," baba alisema. Alikuwa anasema na mimi, lakini ua mzima ulimsikia, na mama aliniambia baadaye kwamba hata yeye hakuwa amewahi kuambiwa. "Mutoni kabisa. Alishindwa kutembea. Aliniomba maji, na hatukukuwa na kitu cha kuchotea, na bale batu bakaanza kupiga risasi. Nikavuka. Nikamwambia nitarudia kumuchukua." Akakionyesha kitabu kwa kidole. "Angalia muzuri. Kulikuwa mutu wa kumupa maji?"

Baba hakuwa mjinga. Alijua kitabu ni kitabu, na kwamba yule kijana wa kitambaa alikuwa mtoto wa watu wengine, wa nchi nyingine, labda hakuwahi hata kuzaliwa. Alijua kuliko mtu yeyote pale, kwa kuwa yeye ndiye aliyetusomea picha miaka yote. Aliuliza hata hivyo, na akasubiri, na mimi nilikuwa na kidole juu ya mstari uliosema hapakuwa na mtu.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Kulikuwa na mama mmoja."

"Mama gani?"

"Alikuwa anapita. Akasikia anaita. Akaingia, akampa maji."

"Mengi?"

"Mengi. Na akakaa naye. Mpaka mwisho. Akamfunga macho."

"Banaandika jina yake?"

"Hapana, baba. Jina hawakuandika."

Alitikisa kichwa kwa kukubali, mara nyingi, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Kisha akavua kofia ya kazi, akavua viatu vyake pale pale uani, akaingia ndani, na wanawake wakampisha. Alikaa juu ya lile godoro. Sauti ilipomtoka haikuwa kubwa mwanzoni. Mama alikwenda akakaa pembeni yake, na wale waliokuwa wameshika viatu wakaviweka chini mmoja mmoja, wakarudi kwenye viti.

Giza lilipokaribia Mzee Kasongo alisimama mlangoni kuomba. Alimwombea Faustin pumziko, akamwombea mjane wake, akamwombea kaka yake aliyebaki. Alipofikia mwisho baba alimshika suruali kutoka pale chini.

"Na ule mama."

"Mama gani, ndugu Deo?"

"Mwenye alimupa maji. Tumuombee naye."

Mzee Kasongo alinitazama juu ya miwani yake. Kitabu bado kilikuwa mkononi mwangu, na yeye alisoma Kiingereza vizuri. Akafumba macho tena. Akamwombea mama yule ambaye hayumo katika kitabu chochote: afya, watoto wenye adabu, mvua ya kutosha shambani kwake, na malipo ya Mungu kwa maji yale. Ua mzima ukaitikia amina, na sauti ya baba yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.